Diski ya Vyumba Viwili

Kompyuta ilifika Area D juu ya magunia ya chumvi, ndani ya lori lililotoka Dar es Salaam, imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa mwaka elfu mbili na moja. Mashine za mitumba zilikuwa zimeanza kuingia Dodoma kama televisheni zilivyoingia miaka michache nyuma, na Mzee Abdulkadiri, mfanyabiashara wa mahindi mwenye kwao Kondoa, hakuwa mtu wa kupitwa. Majirani walipouliza ya nini, aliwajibu kwa kifupi: ya kitabu cha ukoo.

Ukoo wenyewe haukuwa mdogo. Babu wa babu yake alifika Kondoa enzi za misafara, ana marobota ya nguo na kikohozi, akasema atapumzika siku tatu. Akaoa. Akaoa tena. Sasa wajukuu wa wajukuu walikuwa wametapakaa hadi Babati, na wazee waliokuwa wanakumbuka nani kamzaa nani walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Wakubwa wakakaa, wakaamua kwamba Idi ijayo ukoo mzima ukutane Kondoa na kitabu kisomwe mbele ya watu, kila mtu asikie jina lake mahali pake.

Kazi ya kuchapa alipewa kwanza Harithi, kijana wa mzee, aliyetoka Dar na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Harithi alichapa ukurasa mmoja na nusu, akasema vidole vinauma, akaingia kwenye mchezo wa karata uliomo humo ndani. Ndipo ilipogundulika kuwa Shamila anajua.

Shamila alikuwa binti wa mdogo wake mzee, ametoka kijijini Busi na cheti chake cha darasa la saba ndani ya mfuko wa nailoni, aje kumsaidia mke wa mzee, Mama Mkubwa Sabiha, jikoni. Hakuna aliyemfundisha kompyuta. Alikuwa anafuta vumbi pale mezani, na mtu anayefuta vumbi polepole huona mengi. Aliona herufi zilikokaa, aliona Harithi anabonyeza wapi ili kusevu maandishi yasipotee, na siku mzee alipofoka kwamba kitabu kimelala, alikaa kwenye kiti na kuandika "Bismillahi" bila kukosea. Kuanzia hapo, kila siku baada ya alasiri, vyombo vikishaoshwa, yeye alikaa mbele ya kioo cha kompyuta na Baba Mkubwa akaketi nyuma yake akimsomea majina ya marehemu.

Shamila aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote, na kwa kuwa aliipenda, hakumwambia mtu.

Kitabu kikaenda vizuri mwezi mzima. Kikanenepa. Zikaingizwa picha za wazee zilizokopiwa studio mjini, kikawa hakitoshi tena kwenye kile kidiski cha kutoa na kuingiza. Halafu jioni moja mashine ikawashwa, ikajikagua yenyewe kwa muda mrefu kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo, na ilipofunguka, kitabu hakikuwepo. Palikuwa na vipande vinne vyenye majina ya namba. Ukifungua kimoja unakuta alama tupu, kama nyayo za kuku kwenye majivu.

"Umefuta," alisema Harithi.

"Sijafuta, kaka."

"Kompyuta haili kitabu, dada. Mtu ndiye anayefuta."

Mzee alimeza hasira, akaanza kusoma upya kutoka kichwani. Wakaandika tena wiki tatu. Tatizo ni kwamba kichwa cha mzee nacho kilikuwa na mambo yake: safari hii marehemu Tabu alizaliwa kabla ya kaka yake, na mtu mmoja aliyekufa kwa ndui kwenye kitabu cha kwanza alikufa kwa nyoka kwenye cha pili. Shamila aliuliza kwa adabu, akaambiwa aandike. Akaandika. Na kitabu cha pili nacho kikaliwa.

Hapo mzee hakumeza tena.

"Mwanangu," alisema, na aliposema mwanangu kwa sauti ile Mama Mkubwa alitoka jikoni asikilize. "Mimi simlaumu mtu. Darasa la saba ni darasa la saba. Tutajaribu mara ya tatu. Kikipotea tena, utarudi Busi ukamsaidie baba yako kuamia ndege kwenye mtama, na Harithi atamalizia, apende asipende."

Harithi, aliyekuwa hapendi, alishtuka kuliko Shamila.

Siku ya pili akaitwa fundi Zablon. Zablon alikuwa Mgogo wa pale pale Dodoma, mrefu, mpole, alianza na redio, akapanda televisheni, na sasa kompyuta zilipoingia naye akaingia nazo. Kibanda chake kilikuwa karibu na stendi. Akaivua mashine mfuniko, akaipuliza, akaisikiliza kwa sikio, akairudishia.

"Mzee, mwili ni mzima," alisema. "Shida ni namna inavyopanga mafaili. Hii mnayotumia inaitwa FAT. Ni ya zamani. Mimi nashauri tuweke Windows mpya, halafu diski tuipange kwa mtindo mwingine, NTFS."

"Baba, asikudanganye," Harithi akadakia. "FAT inajulikana dunia nzima. Ikigoma, unachomeka kidiski cha kuanzishia, unaingia, unatoa vitu vyako. Hiyo NTFS ikigoma, kidiski chenyewe hakiioni! Unabaki nje unagonga mlango."

"Haigomi ovyo."

"Kila kitu kinagoma, fundi. Hata wewe juzi uliahidi saa nne ukaja saa nane."

Mzee Abdulkadiri akainua mkono. Alikuwa ameozesha mabinti watano, na katika maisha yake hakujua njia nyingine ya kuchagua kitu kitakachokaa ndani ya nyumba.

"Kaeni chini wote wawili," alisema. "Sabiha, chai. Nyinyi mmekuja kuniposea. Haya, mmoja mmoja. Huyu FAT ni wa kwao wapi, na tabia yake ikoje?"

Harithi akajikuta anamsifia FAT kama mshenga: mwepesi, hana makuu, hali kumbukumbu nyingi, anaelewana na kila mtu.

"Anaelewana na kila mtu," mzee alirudia, kama vile hakuipenda. "Na huyo mwingine?"

Zablon akafikiri, akatazama magunia matatu ya mahindi ya sampuli yaliyosimama ukumbini.

"Mzee, chukua ghala lako. FAT ni karani mwenye orodha moja mlangoni: gunia fulani liko pale, fulani liko kule. Sasa anahamisha magunia, yuko katikati ya kuandika, taa inazimika. Taa ikirudi, orodha inasema gunia liko mahali ambapo halipo. Pengine magunia mawili yameandikwa sehemu moja. Ameshachanganyikiwa, na ghala zima limechanganyikiwa naye."

"Nishawahi kuwa na karani wa hivyo."

"NTFS, kabla hajagusa gunia anaandika pembeni: nataka kulitoa hili hapa nilipeleke pale. Anapeleka, halafu anaweka alama kwamba imekwisha. Taa ikizimika katikati, akiamka anasoma alichoandika. Kama hakumaliza, anarudisha kila kitu kilivyokuwa. Anaweza kupoteza gunia moja la mwisho alilokuwa amelishika. Ghala hapotezi."

Mzee akanywa chai. "Lakini yote hayo ni taa ikizimika."

"Ndiyo, mzee. Hapa umeme unakatika mara ngapi?"

"Umeme wa hapa haujambo," mzee alisema kwa fahari kidogo. "Mwezi huu wote umekatika mara mbili, tena mchana."

"Mara mbili tu?" Zablon alikunja uso. "Basi ni kitu gani kinaizima mashine?"

Wote wakamgeukia Shamila. Shamila akatazama sakafu.

Maana Shamila alikuwa anajua.

Televisheni ilipoingia nyumba ile, Mzee Abdulkadiri aliapa kwamba tamthilia haitashindana na adhana ya Maghrib chini ya dari yake. Mwanzo alikuwa anazima televisheni. Akitoka tu kwenda msikitini, watoto wanaiwasha. Akaamua kwenda kwenye shina: swichi kuu, iliyo ukutani kwenye korido. Adhana ikianza, mzee husimama, huenda koridoni, huishusha, nyumba hunyamaza yote, naye huvaa kofia akaenda zake. Akirudi huipandisha. Jambo hilo lilikuwa limeshadumu miaka sita, na pale nyumbani hakuna aliyelihesabu kuwa ni umeme kukatika. Ilikuwa ni Maghrib, basi.

Na mzee alikuwa anasoma marehemu hadi dakika ya mwisho. "Andika, usisimame," ndilo neno lake. Adhana inapasua, yeye huyo koridoni, na Shamila anabonyeza kusevu. Kutoka kiti cha mzee hadi kwenye swichi ni hatua kumi na moja. Kitabu kilipokuwa chembamba, mashine ilimaliza kusevu kwa hatua sita. Zilipoingia picha za wazee, ikawa inataka hatua kumi na tano.

Angesema nini? Mtu mzima anaelekea kwenye swala, wewe mtoto wa darasa la saba umwambie Baba Mkubwa ngoja kwanza, mashine haijamaliza? Mama Mkubwa aliwahi kuomba asubiriwe amalizie kupiga pasi kola moja tu. Maneno aliyoyapata siku hiyo yalimtosha hadi leo.

Kwa hiyo Shamila, macho yakiwa bado kwenye sakafu, alisema jambo lingine.

"Baba Mkubwa, samahani. Diski si inaweza kugawanywa? Kila mmoja akapewa chumba chake?"

Zablon akamtazama kwa mara ya kwanza. "Inaweza. Nani kakwambia?"

"Nilikuona ukiisoma ile karatasi ya boksi la Windows ulilokuja nalo. Kuna picha ya duara lililokatwa vipande viwili."

"Vyumba viwili!" Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisosi. Sasa mambo yalikuwa yamefika pazuri kwake. "Safi kabisa. Wake wenza. Na zamu! Kitabu kiwemo kote kote. Leo uandikie kwa huyu, kesho kwa huyu, wiki mbili, wala asipendelewe mtu. Atakayekaa vizuri ndiye tunayefunga naye ndoa."

"Ukiwahi kuleta mwenza hapa ndani," alisema Mama Mkubwa akipangusa kisosi, "hutaziona hizo wiki mbili."

Zablon akaweka Windows mpya, akaigawa diski, chumba cha FAT na chumba cha NTFS, akaenda zake. Kazi ikaanza mara ya tatu.

Shamila alikuwa mwenye haki kwenye zamu zile kuliko kadhi. Siku ya FAT aliandika kwa FAT, akasevu adhana ilipoanza, si kabla wala si baada. Siku ya NTFS hivyo hivyo. Mzee alisimama, akatembea, swichi ikalia tak, kioo kikafa, na Shamila akabaki gizani mikono mapajani akisubiri. Mzee akirudi, yeye anawasha na kutazama kilichobaki. Kitabu kikibaki salama, alikinakili na chumba kingine; siku ambazo chumba cha FAT kiliumia, alikinakili upya kutoka chumba cha pili, akaendelea, hakupiga kelele. Kwenye daftari lake la jikoni, nyuma ya idadi ya vikombe, aliweka alama.

Wiki ya pili ilipokwisha, Ijumaa baada ya alasiri, mzee akaita kikao. Zablon akaja saa aliyoahidi, akamtazama Harithi ili aone kwamba safari hii hakuchelewa. Shamila akasimama na daftari.

"Kwa FAT, siku saba, kitabu kimeharibika mara tatu. Kwa NTFS, siku saba, hakijaharibika. Mara mbili mstari wa mwisho haukuwepo, lakini kitabu kilikuwepo."

"Mnaona?" alisema Zablon.

"Anaona nani?" Harithi aliruka. "Baba, amekaa peke yake na mashine wiki mbili, ameandika mwenyewe, amejipa maksi mwenyewe! Fundi kamlisha maneno. Mimi ningekaa pale, isingeharibika hata mara moja. Watu wengine wana mkono mzito."

Mama Mkubwa akaguna. Mzee akamtazama Shamila muda mrefu, na Shamila akaona waziwazi mawazo ya Baba Mkubwa yanavyoteleza kuelekea Busi.

"Kaka anasema kweli," alisema taratibu. "Hakuna aliyeshuhudia. Basi leo akae yeye."

"Mimi?"

"Aandike kwa FAT. Mimi nitasimama huku mbali, nisiguse hata meza. Baba Mkubwa amsomee."

Harithi hakuwa na pa kutokea. Akakaa, akavuta kiti kama dereva wa basi, na mzee akaanza kumsomea kizazi cha Bibi Joha, ambacho kilikuwa na watu wengi na majina ya kurudiarudia. Harithi alichapa kwa vidole viwili huku anahema. Mzee akachangamka, maana alikuwa na wasikilizaji wengi kuliko kawaida. Joha akamzaa Hanifu, Hanifu akamzaa Joha mwingine, "andika, usisimame", na jua likashuka nyuma ya paa za Area D bila mtu kuliangalia isipokuwa mmoja.

Adhana ikapasua.

"Sevu, kaka," alisema Shamila kutoka mlangoni.

"Najua!" Harithi akabonyeza.

Mzee Abdulkadiri alikuwa ameshasimama. Alitembea kama anavyotembea siku zote, wala hakuharakisha wala hakuchelewa, midomo inamwitikia mwadhini. Zablon alimfuata kwa macho, akidhani anakwenda kuchukua udhu. Tak.

Nyumba ikawa kimya. Kioo kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule Harithi akauona uso wake mwenyewe, mdomo wazi.

"Harithi! Swala!" mzee aliita kutoka nje, na kijana akainuka akamfuata, mguu mmoja na kandambili, mwingine hauna.

Mama Mkubwa akaenda chumbani kuswali. Zablon akabaki amesimama koridoni mbele ya swichi, akiitazama kama mtu aliyekutana na shangazi yake mahali asipomtegemea. Shamila aliyekuwa anachukua buli la maji akapita.

"Binti," Zablon alinong'ona. "Hivi ni kila siku?"

"Kila siku, fundi."

"Miaka?"

"Sita."

"Na wewe ulikuwa unajua, siku ile nauliza umeme unakatika mara ngapi."

"Nilikuwa naona."

"Sasa mbona hukusema?"

Shamila aliinua macho. "Wewe umeona sasa. Akirudi, mwambie."

Zablon akaitazama tena swichi. Alipotoa sauti, ilikuwa kicheko, akakizibia kwa kofia yake, mabega yanatikisika. Kisha akaenda akakaa kwenye kochi na kujiweka sawa kama mgeni.

Waliporudi, swichi ikapandishwa, taa zikawaka. Mashine ikaanza kujikagua, ikipapasa mifuko. Wakasimama wote nyuma ya Harithi. Kioo kikafunguka. Chumba cha FAT: vipande vitano vyenye majina ya namba. Joha hayupo. Hanifu hayupo. Ukoo mzima hadi yule wa kikohozi, nyayo za kuku.

"Haya," alisema mzee, sauti imepanda. "Na leo nani amefuta?"

"Si mimi, baba. Umeme umekatika."

"Umeme haujakatika! Acha uongo, umetoka kuswali sasa hivi. Umeme nimezima mimi!"

Neno lile lilibaki ukumbini, na mzee mwenyewe akawa kama anayelisikiliza. Akageuza shingo polepole kuelekea koridoni. Akatazama swichi. Akatazama kiti chake. Zablon alikuwa anachunguza dari kwa makini sana, na Mama Mkubwa alikuwa ameingiza nusu ya ukaya wake wa kichwani mdomoni.

Shamila alitamani ardhi impokee. Alijiandaa siku nyingi kwa dakika hii, lakini hakujiandaa kumwona Baba Mkubwa akiaibika.

"Baba Mkubwa," alisema haraka, "na kule chumba cha pili tutazame?"

"Tazama," alisema mzee, kwa sauti ndogo.

Harithi akaondoka kwenye kiti bila kuambiwa. Shamila akakaa, akafungua. Kitabu kikatokea, cha jana jioni, kurasa zote, wazee wote kwenye picha zao wakitazama mbele kama walivyoambiwa na mpiga picha. Kurasa za Bibi Joha tu ndizo hazikuwemo, za leo.

Mzee akavuta kiti, akakaa karibu. Alisoma ukurasa mmoja, akausoma wa pili. Alipofika kwa yule mtu wa ndui na nyoka akakohoa, akapita.

"Fundi," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Swala haisubiri mashine. Hilo halibadiliki."

"Halibadiliki, mzee," Zablon akaitikia haraka.

"Mashine ndiyo ivumilie. Huyu amenivumilia wiki mbili, hajanung'unika." Hakusema ni NTFS anayemsema au ni nani, na alikuwa anaangalia kibodi. "Chumba cha huyo mwingine kifungwe. Nyumba yote iwe ya huyu."

"Naweza kukibadilisha hicho chumba bila kufuta kilichomo. Ila mzee, ujue: ukishaamua hivyo, Windows haina amri ya kurudi kwa FAT. Labda ufute kila kitu uanze upya."

"Hata talaka hakuna?"

"Hata moja."

Mzee akamgeukia Shamila. "Unasemaje wewe?"

Tangu afike nyumba ile, aliwahi kuulizwa chumvi iko wapi, maji yamechemka au bado, nani kavunja kikombe. Anasemaje, hakuwahi kuulizwa. Alisubiri kidogo, ahakikishe swali ni lake.

"Tumchukue, Baba Mkubwa."

"Basi bonyeza mwenyewe. Wewe ndiye utakayeishi naye."

Zablon akaandika amri, Shamila akabonyeza, na wakakaa wote wanatazama namba zikipanda, Mama Mkubwa akipiga kigelegele kifupi ambacho hakuna aliyemwomba.

"Kesho baada ya alasiri," alisema mzee akiinuka, "turudie kizazi cha Joha, halafu tuingie kwa Mbwana. Mbwana alikuwa na wake wanne, jiandae. Na Busi nitatuma salamu kwa baba yako, asikutegemee mavuno haya."

"Naam, Baba Mkubwa."

Harithi alisubiri baba yake atoke, akasogea mezani akikuna shingo, kandambili moja bado haijapatikana.

"Dada Shamila. Kesho na mimi nina kazi kidogo pale kwenye mashine. Kale kamchezo, dakika kumi tu. Nije saa ngapi?"

Shamila akaifunika kibodi kwa kitambaa, akainyoosha pembe zote nne.

"Njoo taa zikishawashwa, kaka," alisema. "Kabla ya hapo kuna watoto wa Mbwana."